Swila Sio Kuku wa Kienyeji

Najua nimepotea wiki mbili tatu hivi, test zilikuwa zimebana na lile kazi la kikundi la saikolojia ya elimu nimelibeba peke yangu kama kawaida (wenyewe mnajijua!). Leo nimekaa chini kuandika kwa sababu kuna kitu kinaendelea huku hosteli, na kinanikera mimi mtoto wa Singida kuliko mtu mwingine yeyote hapa kampasi.

Kuna jamaa yetu wa mwaka wa tatu, jina simtaji, amekuja na mradi. MRADI WA KUFUGA SWILA. Eti gramu moja ya sumu ya swila huko Ulaya inalipa mamilioni. Eti Singida nyoka wanauawa bure kila siku, mali inatupwa. Kwa hiyo boom likiingia kila mtu aweke laki mbili, tukodi kipande cha ardhi nje kidogo ya Manyoni, tujenge vibanda, tuanze na swila ishirini. Karatasi ya hesabu anayo, imechapwa vizuri kabisa na ina safu zake: majike kumi, kila mmoja mayai kumi na tano, mwaka wa pili tuna swila mia na hamsini, mwaka wa tatu sijui elfu ngapi. Mpaka juzi watu kumi na moja walikuwa wameshaandika majina. Nane ni wa ualimu, tena watatu kati yao watafundisha BIOLOJIA.

Jamani.

Hebu tuanze na hayo mayai. Swila wa kwetu, yule mwenye shingo nyeusi anayetema, kweli anataga, mayai nane mpaka ishirini hivi, na yanaanguliwa baada ya miezi miwili na kidogo. Hapo jamaa hajadanganya. Ila alichosahau kuandika kwenye karatasi ni kwamba swila anakula nyoka wenzake. Ukiwaweka wawili banda moja kama kuku, asubuhi unaweza kumkuta mmoja kanenepa. Maana yake kila mmoja anataka chumba chake, maji yake na panya wake. Kwa hiyo kabla hujawa mfugaji wa swila wewe ni mfugaji wa panya, na panya nao wanakula, nao wanazaa, nao wananuka. Swila mia na hamsini ni vyumba mia na hamsini. Sisi wenyewe tunalala wanne wanne!

Halafu soko. Sumu sio maziwa ya kupeleka kwa jirani na kidumu. Ikishakamuliwa inatakiwa igandishwe na kukaushwa kwa mashine, itunzwe kwenye baridi, na iwe na maelezo kamili: nyoka wa aina gani, katoka wapi, kakamuliwa lini, yuko na afya gani. Wanaoitumia ni maabara na viwanda vya dawa, vichache tu duniani, na wakubwa wao wanafuga nyoka wao wenyewe. Chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, Uingereza, wana nyumba ya nyoka wa Afrika hapo hapo chuoni. Sasa atoke mtu Liverpool aache nyoka anaowajua mpaka umri, aje kununua kichupa kwa vijana wa hosteli waliokamulia kwenye kikombe cha chai?

Na sheria mnaijua? Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma na huwezi kumkamata wala kumfuga bila kibali. Wanaodhani watauza nyoka wenyewe wakiwa hai, wakumbuke serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waliobaki na wanyama mkononi wamalizie kuuza, nalo likasitishwa ndani ya siku chache. Waliokuwa wamewekeza kwenye mabanda waliumia. Hao walikuwa na vibali na mitaji. Sisi tuna boom.

Hii filamu tumeshaiona. Mwaka 2009 watu walipanda "mbegu" DECI, na mavuno wanayajua wazazi wetu. Miaka ya 2013 na 2014 Wakenya walipagawa na kware, mayai yanatibu kila kitu, kila mtu ana kizimba, mpaka siku soko lilipojaa kware wakakosa wa kuwanunua. Tofauti ni kwamba kware ukikosa mnunuzi unamla.

Sasa msinielewe vibaya. Kuna wanaosema "mfuga nyoka ni mchawi tu, nyoka ni wa kuua", na hao nao leo nina maneno nao. Kufuga swila sio wazimu. Wazimu ni kumfuga kwa sababu ile ya kwenye karatasi.

Dawa ya sumu ya nyoka inatengenezwa kwa sumu yenyewe. Farasi anachomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kinga ile inachujwa, ndiyo sindano anayopigwa mgonjwa. Hakuna njia ya mkato ya kuzunguka nyoka hapo. Mfaransa Albert Calmette aliyeanzisha mambo haya miaka ya 1890 alianza na SWILA, baada ya watu kuumwa kule Vietnam mafuriko yalipowasukuma nyoka vijijini. Wabrazili wana Butantan pale São Paulo tangu 1901, Wathai wana nyumba yao ya nyoka Bangkok tangu 1923. Nchi zenye nyoka zinafuga nyoka ili watu wao wapone.

Sisi Afrika Mashariki je? Kufuga tunafuga sana tu. Nairobi pale makumbusho wana nyumba ya nyoka tangu 1961. Watamu kuna Bio-Ken tangu 1980, ya marehemu James Ashe. Swila mkubwa anayetema wa pwani ya Kenya alipewa jina lake mwaka 2007, Naja ashei. Kwetu kuna Meserani Snake Park, njia ya kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, tangu 1993. Hawa siwapondi hata kidogo. Meserani pembeni wana zahanati ambayo imetibu walioumwa na nyoka, na Bio-Ken wamehangaika sana kupata dawa kwa ajili ya watu wa pwani. Lakini tuseme ukweli, miaka sitini na ushee swila wetu amekaa kwenye kioo anapigwa picha, na sindano bado tunangoja itoke nje. Hata zamani za mkoloni yule Ionides wa Liwale alikamata nyoka kwa maelfu, wakasafirishwa kwenda kwenye bustani na maabara za watu. Nyoka wanatoka hapa, dawa inarudi na bei.

Na kuna wakati hairudi kabisa. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa na dawa ikiitwa Fav-Afrique. Ilitengenezwa kwa sumu za nyoka kumi wa Afrika, na ndani yake walikuwemo swila wetu wote wawili wa Singida: yule anayetema mwenye shingo nyeusi, na yule wa Misri asiyetema. Mwaka 2014 wakaacha kuitengeneza, biashara hailipi. Chupa za mwisho zikaisha muda wake Juni 2016. Dawa ya Afrika Kusini ipo na inasaidia, kwa kuwa swila ni ndugu, lakini swila waliotolewa sumu kuitengeneza ni jamaa zao wengine, hawa wetu hawamo. Nyingine zilizoingia sokoni Afrika kutoka Asia zilitengenezwa kwa nyoka wa India, ambao mkulima wa Mkalama hatakutana nao maisha yake yote. Sumu ya nyoka inabadilika aina kwa aina, mpaka mahali kwa mahali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 ndipo lilipoliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na sasa lengo ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Wengi wenu wa mjini mnadhani anayeumwa ni mtu aliyekwenda porini kumchokoza nyoka. Nilipokuwa TP huko kwetu, wilaya siitaji, msimu alizeti na mtama viko ndani. Chakula kikiwa ndani panya yuko ndani, na panya akiwa ndani swila anamfuata usiku. Mtoto mmoja wa jirani na shule, wa darasa la nne, alikuwa amelala kwenye mkeka chini. Aliumwa mkononi. Wakamfunga kamba, wakamwekea jiwe jeusi, wakachanja. Zahanati hawakuwa na sindano, ikabidi bodaboda mpaka mjini. Alipona, ila sumu ya swila anayetema inaua nyama, mkono ulioza na vidole viwili vikakatwa. Mkono wa kulia. Nilimkuta anajifunza kuandika kwa kushoto. Na kwenye madaftari ya wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, somo la huduma ya kwanza, nikakuta imeandikwa "funga kamba kwa nguvu juu ya jeraha". Nikawafutisha. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, tuliza mgonjwa asitembee, mpeleke hospitali haraka. Akitemewa machoni, ni kuosha kwa maji mengi.

Kwa hiyo mradi wa kufuga swila ninaouunga mkono ni huu, na hauna gawio kwa mtu. Kiwepo kituo cha umma, chini ya wizara ya afya au chuo kikuu chenye watu wa tiba na mifugo, kiwafuge swila wa kanda ya kati, kikamue, na sumu iende kwa mtengenezaji wa dawa aliye tayari kutengeneza ya kwetu. Kenya wameshaanza, wana kituo cha utafiti wa nyoka pale Karen, Nairobi, wanashirikiana na haohao Liverpool. Na kwa wanaosema hatuna wataalamu, waangalie Wairula wa Tamil Nadu, India. Walikuwa maskini wanaowinda nyoka kwa ajili ya ngozi. Sheria ya 1972 ikapiga marufuku, na mwaka 1978 wakafanya ushirika: wanakamata swila kwa kibali, wanamtunza wiki chache kwenye chungu, wanamkamua, wanamrudisha porini. Hata kumzalisha hakuna. Ushirika ule umelisha viwanda vya dawa vya India kwa miaka mingi.

Sisi tuna bayeye. Wale wacheza nyoka wa Kisukuma, Hans Cory aliandika habari zao tangu 1946, na Wasukuma Singida wamejaa. Wanamshika swila bila kutetemeka, tunawalipa kwenye sherehe wacheze dakika kumi, tunacheka, tunaondoka. Mzee wa hivyo anajua swila analala wapi na anatoka saa ngapi kuliko mhadhiri yeyote hapa. Apewe buti, miwani, kibali na mshahara.

Mnaotaka kupinga pingeni hapo chini kwenye maoni, matusi nafuta. Na ninyi kumi na moja, mwenye karatasi karudi jana usiku kutoka kwao. Waliokwishatoa laki mbili waende kudai leo, kabla hajaenda Manyoni kulipia kiwanja.