HELA YA SODA NDO INATUMALIZA, SIO ESCROW PEKE YAKE

Leo umbea wa mastaa naweka pembeni, ila naanza na staa huyo huyo, jina kapuni. Juzi kaposti picha kavaa tisheti ya kupinga rushwa, kapiga pozi, laiki kama zote. Nikacheka mwenyewe, maana aliwahi kunisimulia alivyomalizana na trafiki kwa elfu tano. Simsemi kwa ubaya. Na mimi simo kwenye orodha ya malaika.

Mwaka jana nilihitaji barua ya utambulisho nikafungue akaunti benki. Nikaenda ofisi moja hivi, siitaji. Jamaa akaniambia muhuri hauonekani, rudi kesho. Nikarudi. Bado hauonekani. Na nauli ya bodaboda kwa milima ya huku kwetu Goba mnaijua wenyewe. Siku ya tatu mama mmoja kwenye foleni akaninong'oneza, "Mwanangu, mpe ya soda, uende zako." Nikatoa buku tatu. Muhuri ukapatikana hapo hapo, ulikuwa kwenye droo. Risiti? Thubutu!

Nikasema naripoti. Nikaja kugundua sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inambana anayepokea na anayetoa pia. Nikafyata mkia. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mtaa mzima upo kimya: kila mtu kishatoa ya soda, kila mtu ana kesi yake mfukoni.

Sasa kumbukeni Escrow, 2014. Mimi bado nipo shule. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilichotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu. CAG akakagua, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali ikasoma ripoti, na watu wakaangalia mjadala laivu kwenye TV. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba, waziri wa ardhi akatenguliwa, na Januari 2015 waziri wa nishati naye akaachia ngazi. Sisemi haki yote ilitendeka. Ninachosema, wananchi walifuatilia kwa sababu waliona namba kwa macho yao. Halafu Januari 2016 Bunge laivu likaondolewa, tukarudi kusimuliwa.

Kiukweli imani haijengwi kwa tisheti wala kwa hotuba. Inajengwa kwa kuona. Kama huduma ni bure, andikeni BURE ukutani kwa herufi kubwa. Kama inalipiwa, andikeni bei na mtoe risiti. Mapato na matumizi ya mtaa yasomwe mkutanoni, yabandikwe, mtu apige picha na simu yake. Na mtu akipiga 113 ya TAKUKURU, ambayo ni bure, apewe mrejesho kesi yake imefikia wapi. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ipo tangu 2015, lakini waulize washkaji zako kumi uone wangapi wanaijua. Mlinzi usiyemjua utamkimbiliaje?

Na sisi vijana tusijifanye wageni. Mkutano wa mtaa ukiitwa tupo kibanda umiza tunaangalia mpira, wanaenda wazee na mama zetu. Halafu jioni tunalalamika mtandaoni kwamba nchi imeoza. Bibi yangu anasema enzi za TANU mwanachama aliahidi kutopokea wala kutoa rushwa. Sisikii akisema watu walikuwa watakatifu, ila ahadi ilikuwa na pande zote mbili.

Mimi nimejiwekea moja dogo: nikiombwa ya soda, naomba risiti, kwa sauti, foleni nzima isikie. Hata nikirudi mara tano.

Nawe ya soda yako ya mwisho ulitoa wapi? Usitaje jina la mtu, tiririka hapo chini.