Acheni Kununua Mota, Lipieni Fundi Apime Kwanza

Wasee wa Eastlands wenye gari za kuzeeka, nina swali moja. Waipa yako ya nyuma ilifanya kazi lini mara ya mwisho? Usitoke kwenda kuangalia, jibu tu. Najua wengi hamkumbuki. Kuna mmoja anasoma hii na mkono wa waipa yake umesimama katikati ya kioo tangu mwaka juzi, na ameshazoea.

Mimi pia nilikuwa nimezoea, mpaka asubuhi moja ya mvua ya Aprili. Tulikuwa tumetoka Marikiti na mathe, tumepita Jogoo Road na Outering kwa matope, tumeshusha viazi na kabeji pale Umoja anapouzia. Gari tupu, giza bado, saa kumi na mbili kasorobo. Nikatia rivasi nitoke kwa kichochoro. Kioo cha nyuma kilikuwa tope tupu. Nikatazama vioo vya pembeni, nikaona ukuta huku na ukuta kule, nikaachilia klachi. Mama wa chapati akapiga nduru: "Wee! Mtoto!"

Nilikanyaga breki mpaka gari ikazima. Nyuma yangu, kama hatua mbili hivi, kulikuwa na katoto ka sweta ya shule, begi kubwa kuliko mgongo, kanaenda kungoja basi. Kalinitazama, kakaruka dimbwi, kakaenda zake. Mathe hakusema kitu mpaka tukafika nyumbani. Hapo ndipo aliposema, "Hiyo kitu ya nyuma itengenezwe wiki hii."

Sasa sikiza vile nilitengeneza.

Nilienda kwa fundi mmoja. Akawasha swichi, akasikiliza, hakusikia kitu. Akasema mota imekufa. Hakushika waya hata moja. Nikashuka Kirinyaga Road, nikanunua mota iliyotumika kwa 3,500. Ikafungwa. Kimya. Fundi akasema basi ni swichi. Nikanunua swichi ya 2,200. Ikafungwa. Kimya. Kazi ilikuwa 1,000 kila mara. Jumla 7,700, na waipa bado imelala. Mathe huuza viazi, na wewe piga hesabu ni gunia ngapi za faida zimeenda hapo.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa waya kule Kariobangi. Swali lake la kwanza lilinichanganya: "Kijana, taa ya namba pleti inawaka?"

Nikamwambia haiwaki, nilidhani balbu imeungua.

"Vitu viwili vikifa kwa mlango mmoja, usitafute kitu, tafuta njia," akasema. Akaniambia niweke ufunguo, niwashe waipa, halafu yeye akaanza kuinua na kushusha mlango wa nyuma polepole. Mlango ulipofika nusu, waipa ikaruka. Ikapiga mara moja, ikalala tena.

Pale juu ya mlango wa nyuma, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama bomba la sinki. Waya zote za mlango hupita humo: waipa, taa ya namba, ya kupasha kioo joto, ya loki. Kila ukifungua mlango, hizo waya zinakunjwa. Fikiria Probox ya biashara, mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi. Mzee alivuta ule mpira, na waya mbili zilikuwa zimekatika kabisa. Ya tatu ilibaki na uzi mmoja wa shaba. Akaziunga kwa solda, akazifunika, akarudisha mpira. Dakika 40. Akaitisha 800.

Mota ya zamani ilikuwa nzima. Swichi ya zamani ilikuwa nzima. Nililipa 7,700 kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida yoyote.

Hapa ndipo mtu hutarajia niseme mafundi ni wezi. Sisemi hivyo. Nilimuuliza mzee mbona wengine hawapimi. Akacheka. Akasema mteja akija, ukimwambia "nipe 500 nipime, halafu nikwambie shida ni gani," anakasirika. Anasema hawezi kulipa pesa ya kuangalia. Lakini ukimwambia "leta mota," anaenda kununua bila swali, kwa sababu mota inashikika. Kwa hivyo fundi anajifunza kutaja spea haraka. Akikosea, hasara ni yako. Akipima saa nzima na kupata ni fyuzi ya shilingi chache, utampatia soo mbili na kumwambia si amefanya kazi ndogo.

Mimi naona hiyo lawama ni yetu kwanza. Tunalipia chuma, hatutaki kulipia akili. Halafu tunashangaa kwa nini mtaani kuna mafundi wengi wa kubadilisha na wachache wa kutafuta.

Na hii shida itaongezeka. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari iliyotumika isiyozidi miaka 8. Wengi wetu tunanunua ile ambayo imefika ikikaribia huo umri, ikaendeshwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndiyo ikafika kwetu Kayole na Dandora. Probox za kwanza zilitoka Japani mwaka 2002. Kwa gari ya umri huo injini inaweza kuwa bado na nguvu, lakini waya zimechoka, plagi zimeshika kutu, mpira umekauka. Ukienda na mtindo wa kubadilisha tu, utanunua gari yote upya kidogo kidogo.

Kuna wale watasema waipa ya nyuma ni urembo, mbona saluni hazina? Saluni nyingi hazina kwa sababu kioo chao kimelala, na upepo hupita juu yake. Probox, Vitz, Fielder, Noah, hizo mgongo wao umesimama wima. Gari ikitembea, hewa inazunguka nyuma na kurudisha maji na matope ya barabarani moja kwa moja kwenye kioo. Ndiyo maana walioziunda waliweka waipa hapo. Na kwa vichochoro vyetu, ambapo watoto, mkokoteni na bodaboda zote zinapita nyuma yako, hiyo si urembo.

Basi kabla hujaenda popote na pesa, fanya hivi mwenyewe. Haihitaji shule.

Kwanza, sikiliza. Washa waipa injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo uko mahali pake. Ukisikia mota inanguruma na mkono hausongi, umeme unafika. Angalia nati ya mkono kama imelegea, au shafti kama imeshikwa na kutu. Hiyo ni shida ya chuma, si ya waya. Na kama gari yako ni ile ya kioo cha nyuma kinachofunguka peke yake, hakikisha kimefungwa vizuri. Nyingi ya hizo hukata waipa kioo kikiwa wazi.

Pili, fyuzi. Soma mchoro kwenye kifuniko cha kisanduku, toa fyuzi ya waipa ya nyuma, itazame. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea ile ile. Ikikatika tena, kuna waya inagusa bodi mahali. Usiweke kubwa zaidi, na tafadhali usifunge uzi wa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ife ili waya isiwake moto. Ukiiziba, kitakachoungua ni gari.

Tatu, uliza majirani. Taa ya namba inawaka? Loki ya mlango wa nyuma? Kioo kinapata joto? Vikiwa vimekufa pamoja, angalia ule mpira wa bawaba kwanza. Inua na ushushe mlango waipa ikiwa imewashwa, lakini usiweke mkono karibu nayo.

Nne, pima kwenye plagi ya mota. Tumia taa ya kupimia: balbu ya gari ya volti 12, waya mbili, na kibanio. Funga upande mmoja kwenye chuma tupu cha bodi, gusa ile waya inayoleta umeme ukiwa umewasha waipa. Ikiwaka, umeme unafika. Sasa toa kibanio kwenye bodi, ukiweke kwenye waya ya athi ya plagi hiyo hiyo. Athi, sio ile ya njia ya Kitengela, ni ile waya ya kurudisha umeme kwenye betri. Taa ikizima hapo, athi yako ndiyo mbovu. Ikiendelea kuwaka vizuri na mota imenyamaza, sasa ndiyo una haki ya kusema mota imekufa. Mpangilio wa waya hutofautiana kwa gari na gari, kwa hivyo tafuta mchoro wa gari yako. Na waya za plagi za manjano za mifuko ya hewa, au za kompyuta, usiziguse na hiyo balbu kabisa.

Mbona balbu na si mita? Mzee alinionyesha. Ile waya iliyobaki na uzi mmoja, mita ilisoma volti 12 kamili. Ukiweka balbu, ikawaka hafifu kama mshumaa. Mita haivuti kitu, kwa hivyo uzi mmoja unaitosha. Mota inavuta, na uzi mmoja hauwezi kuibeba. Msee mwenye mita peke yake angeapa kwamba waya ni nzima.

Na kama waipa inafanya kazi lakini ikizimwa inasimama popote badala ya kurudi chini, hiyo mara nyingi ni sahani ya ndani ya mota au ile waya yake ya umeme wa kudumu. Mara nyingi swichi haina makosa hapo.

Ukishindwa, nenda kwa fundi. Lakini nenda na maneno haya: "Boss, nataka unipimie. Nitakulipa ya kupima, hata kama huuzi spea." Kubalianeni bei kabla. Mwambie akuonyeshe waya iliyokatika au taa iliyokataa kuwaka kabla hujatoa pesa ya kitu kipya. Fundi anayejua kazi atafurahi, kwa sababu hakuna mtu humwambia hivyo. Anayebahatisha utamjua hapo hapo.

Ile mota ya 3,500 bado iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gazeti. Mathe huiona kila akifagia. Wiki iliyopita aliniuliza kama inaweza kuuzwa. Nikamwambia inaweza. Lakini msee akija kuinunua, nitamuuliza kwanza kama amepima.