Mashauri ya Nyumbani: Mafuta ya Uso kwa Waliopita Miaka Arobaini



Mara nyingi twaulizwa na akina mama, na mara nyingine na waume zao kwa siri, habari za mafuta ya kupaka usoni. Wasema: Ngozi ya uso imeanza kupauka na kukaza, mafuta tuliyoyatumia tangu ujana hayatoshi tena, dukani mna makopo ya kila namna, basi tuchague lipi? Wengine huuliza zaidi: Je, yampasa Mkristo aliye mtu mzima kushughulika na uso wake? Hayo si majivuno? Mwezi huu twapenda kuyajibu maswali haya mawili, maana si mambo madogo. Katika nyumba nyingine mafuta ya uso yamekula fedha za ada ya watoto, na katika nyingine yameleta ugonjwa.

Kwanza tuseme habari ya majivuno. Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake habari za kufunga, hakuwataka wakae na nyuso zilizokunjamana ili watu wawaone, bali aliwaambia wanawe nyuso na kujipaka mafuta. Naye mwenye Zaburi huyahesabu mafuta ya uso pamoja na chakula, katika vipawa vya Mungu vitokavyo katika nchi. Kwa hiyo kuutunza uso si dhambi. Ubaya huanza pale mtu anapouchukia uso aliopewa, akataka kuubadili uwe wa mtu mwingine. Kutunza ni neno moja, na kubadili ni neno jingine. Na mtu akiyatenganisha vema maneno haya mawili, hata dukani hatapotea.

Sasa na tuitazame ngozi yenyewe. Ngozi ya juu ni kama ukuta wa matofali. Chembe zake ndizo matofali, na katikati yake mna mafuta yazishikayo, kama udongo ushikavyo matofali. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, wala vumbi na vijidudu haviingii. Kijana ana mafuta mengi, hata uso wake hung'aa na kutoa chunusi. Lakini miaka ikizidi, mafuta yale hupungua, na udongo wa ukuta huanza kupasuka. Mama akifika umri ambao desturi ya wanawake hukoma, mambo haya huongezeka. Ngozi yake huwa kavu na nyembamba, na zile nyuzi za ndani ziitwazo kolajeni, zishikazo ngozi isilegee, hupungua upesi katika miaka ya kwanza. Wanaume nao hupatwa, ila polepole zaidi.

Basi angalieni: uso wa mtu mzima umepungukiwa na vitu viwili, yaani maji na mafuta. Haukupungukiwa na weupe. Tukilishika neno hili moja, kuchagua hakutatushinda.

Mafuta mema ya uso yana kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuyavuta maji na kuyaweka katika ngozi. Hiyo ni kazi ya glisirini, ambayo ni ya bei rahisi na hupatikana karibu kila duka la dawa. Kazi ya pili ni kulainisha, kujaza nyufa za ule ukuta tuliousema. Hiyo hufanywa na mafuta ya mimea, kama ya nazi na ya ufuta, na yale ya mti wa shea uotao kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini. Kazi ya tatu ni kufunika, ili maji yaliyomo yasitoke. Na katika kazi hii hakuna kilicho bora kuliko mafuta ya mgando. Mafuta haya si kitu kigeni cha juzi. Mmarekani Robert Chesebrough aliona ya kwamba wachimba mafuta ya taa wa Pennsylvania walijipaka masazo ya visima vyao palipoungua na palipokatwa. Akayasafisha, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kuyatengeneza kwa jina la Vaseline. Hata leo waganga wa ngozi huyasifu, nayo ni ya bei ndogo.

Krimu iliyo njema kwa mtu mzima huchanganya kazi hizi mbili au zote tatu. Lakini si lazima ununue krimu. Mtu aweza kupaka glisirini kidogo iliyochanganywa na maji, kisha akapaka mafuta ya mgando juu yake kwa ncha ya kidole, akawa amefanya kazi yote. Glisirini isipakwe tupu bila maji, maana huweza kuchoma na kukausha.

Tena itazameni nchi mnayokaa. Mtu wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, atatoshwa na losheni nyepesi, na mafuta mazito yatamtoa jasho na vipele. Lakini mtu wa Njombe au Makete katika baridi ya Juni na Julai, au mtu wa Dodoma wakati wa upepo mkavu, ahitaji yaliyo mazito. Mama asichague kwa sababu jirani yake amependeza, maana ngozi ya jirani si yake. Ukinunua kopo jipya, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kila siku kwa siku saba au zaidi. Pasipowasha wala kuwa pekundu, ndipo upake usoni. Na yaliyo bora ni yale yasiyo na manukato, kwa kuwa manukato huiudhi ngozi iliyo kavu.

Juu ya bei twasema hivi: bei kubwa si ushuhuda wa wema. Makopo mengine husifiwa ya kuwa yana kolajeni, lakini kolajeni ni kitu kikubwa mno, haipenyi kuingia ngozini ikakaa mahali pa ile iliyopungua. Hulainisha juu tu, kama mafuta mengine yalainishavyo. Hakuna mafuta yatakayomrudisha mtu wa miaka hamsini awe wa ishirini. Ajaye kwako na ahadi hiyo ataka fedha yako.

Sasa twafika kwenye neno zito, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Baadhi ya makopo yauzwayo kwa jina la mafuta ya kulainisha uso, au ya kuondoa mabaka ya uzee, ni sumu. Tena wako wauzao mkorogo, yaani krimu tatu au nne zilizochanganywa katika kopo moja lisilo na maandiko. Ndani yake huwamo vitu vitatu vya kuogopwa.

Cha kwanza ni zebaki. Hii huzuia rangi ya ngozi isifanyike, lakini huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Wala haimdhuru mama peke yake: mtoto amgusaye usoni, au alalaye kwenye mto wake, au apanguswaye kwa taulo yake, huipata sumu ile ile. Mwaka 2013 mataifa yalifanya Mapatano ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mapatano hayo yalianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 mataifa yakakubaliana ya kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe kufikia mwaka 2025. Lakini sheria ni kitu kimoja, na kapu la mchuuzi ni kitu kingine.

Cha pili ni hidrokwinoni. Mwanzoni uso huonekana mweupe, na mama hufurahi. Akiendelea miaka, ngozi huweza kugeuka ikawa na mabaka meusi yenye rangi ya majivu, nayo ni magumu sana kuyaondoa. Waganga wa Afrika Kusini waliandika habari za wanawake walioharibika hivyo mwaka 1975, na mwaka 1990 serikali ya huko ikaikataza dawa hiyo katika vipodozi.

Cha tatu ni dawa za steroidi, ambazo mganga huzitoa kwa kipimo na kwa siku chache kwa ajili ya maradhi ya ngozi. Zikipakwa usoni kila siku, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Fikirini basi: mama aliyekwisha kupungukiwa na unene wa ngozi kwa umri wake, anunua kwa fedha yake kitu cha kuupunguza zaidi! Naye akiacha ghafula, uso huweza kuwaka na kutoa vipele, hata akayarudia. Aliyekwisha kuzizoea asione haya. Na aende hospitali amweleze mganga yote, apate kuachishwa kwa taratibu.

Hapa waalimu mna kazi. Maandiko ya makopo mengi ni ya Kiingereza, na herufi zake ni ndogo, na macho ya wazee wetu ni hafifu. Mwalimu akiletewa kopo, asicheke, bali amsomee mwenzake kama amsomeavyo barua. Maneno ya kukataa ni haya: mercury, calomel, Hg, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Maneno ya kupokea ni glycerin, petrolatum na shea butter. Na kopo lisiloandikwa kitu, au lisilotaja mtengenezaji wake wala siku ya kuharibika, liachwe dukani. Katika Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi iliwekwa mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Aonaye sumu ikiuzwa na apeleke habari huko.

Zaidi ya kuchagua, iko namna ya kutumia. Msinawe uso kwa sabuni ya mche. Ngozi ina ukali kidogo wa asidi, kipimo chake karibu na 5, lakini sabuni nyingi hufika 9 au 10, nazo huyachukua yale mafuta machache yaliyosalia. Tumieni maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, au maji matupu asubuhi. Kisha pangusa polepole bila kusugua, na upake mafuta uso ungali na unyevu, kabla hazijapita dakika chache. Mtu akingoja mpaka ngozi ikauke kabisa, atakuwa amefunga mlango baada ya maji kutoka.

Jua nalo lisisahauliwe, maana ndilo liletalo sehemu kubwa ya makunyanzi na mabaka. Rangi yetu nyeusi ni kinga tuliyopewa na Muumba, lakini si kinga kamili. Aendaye shambani avae kofia pana au ajitande khanga. Na awezaye, apake asubuhi mafuta ya kuzuia jua yenye alama ya SPF 30. Ndugu zetu wenye ualbino hawa hawana hiari. Kwao ni jambo la uhai.

Na ukavu usiosikia mafuta, au muwasho wa mwili wote, au uvimbe wa uso na miguu, au kidonda kisichopona, si kazi ya duka. Huenda ikawa ni kisukari, au tezi ya shingo, au figo. Mwende hospitali mapema.

Neno la mwisho twawaambia ninyi waume. Wanawake wengi hawakuanza mkorogo kwa kuupenda. Walianza siku waliposikia mwanamke mwenye rangi nyeupe akisifiwa mezani, au walipotaniwa ya kwamba wamezeeka. Mume aliyesema neno lile alipaka sumu kwa ulimi kabla mke hajaipaka kwa mkono. Uso wa mkeo umezeeka katika moshi wa jiko lako na katika kukesha na watoto wako. Uheshimu. Mnunulie kopo la mafuta ya mgando na chupa ya glisirini, umwambie ya kuwa wampenda kama alivyo. Fedha itakayobaki itatosha daftari za watoto.

Mungu awabariki nyote, awape nyuso za furaha. Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutaandika habari za kutunza macho.