Ufundi wa Nyumbani: Kamera ya Kale Iliyokwama

Mtaa wa Githurai 45 ulipata tarakimu yake kwa magari ya abiria yenye namba hiyo yatokayo Nairobi. Kabla ya simu kuwa na kamera, mpiga picha wa mtaa ndiye aliyeitwa arusini, ubatizoni na mazishini, naye alichukua shingoni kamera ya filamu, kama vile Zenit ya Warusi, au Pentax K1000 na Yashica za Ujapani. Kazi ilipopungua kamera hizo ziliingia kabatini. Siku hizi watoto huzitoa, huvuta mkono wa kusogeza filamu, nao ukikataa, huzipeleka kwa fundi wa simu kando ya soko. Fundi huyo ni hodari katika kazi yake, lakini mara nyingi jambo lake la kwanza ni kufungua kifuniko cha nyuma, na hapo ndipo hasara kubwa huanzia.

Kamera iliyolala miaka thelathini yaweza kuwa na filamu ndani, na katika filamu hiyo zaweza kuwamo sura za watu waliokwisha kufariki. Kifuniko kikifunguliwa mchana, hata kwa nukta moja, picha zilizopatwa na nuru huharibika wala hazirudi. Basi kabla ya lolote, mwenye kamera ya Pentax au Zenit ashike kile kirungu cha kurudishia filamu, kilicho juu upande wa kushoto, akizungushe taratibu kwa kuufuata mshale wake. Kikizunguka bila uzito wowote, yaelekea kamera ni tupu. Kikikaza, filamu imo.

Tena yafaa ijulikane kwamba ubovu mwingine si ubovu hata kidogo. Filamu ikifika mwisho, yaani picha ya 24 au ya 36, mkono hukataa kwenda, kama inavyopasa. Mtu mwenye haraka akiusukuma kwa nguvu, hupasua vitundu vya pembeni mwa filamu au huvunja meno ya magurudumu ya ndani. Katika K1000 dawa ni kubonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kisha kuirudisha filamu mpaka uzito uishe.

Ikiwa filamu imo na haitaki kurudi, ingojewe usiku. Itafutwe stoo ya ndani isiyo na ufa, maana taa za maduka ya barabarani hupenya mahali padogo sana, na blanketi nene liwekwe juu ya mikono. Filamu itolewe kwa kupapasa, ikunjwe, itiwe katika kopo lisilopitisha nuru. Taa nyekundu isitumike: filamu nyingi huiona.

Kamera ikiwa tupu, sasa kifuniko kifunguliwe. Ndani ya K1000 mna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hukimbia na kufungua njia ya nuru, la pili hulifuata na kuifunga. Kasi iwekwe kwenye nukta moja, kamera ielekezwe dirishani, kitufe kibonyezwe. Pazia likibaki wazi, au likijikokota, grisi ya magurudumu ya kasi ndogo imekauka, na hiyo ni kazi ya fundi wa kamera. Asemaye kwamba K1000 haipigi kwa sababu betri imekwisha amekosea, kwa kuwa betri yake huhudumia kipimo cha nuru tu.

Yashica-Mat haina mapazia. Katika lenzi yake mna visahani vyembamba vya chuma, navyo vikipata mafuta hushikamana. Hapo tone la mafuta ya cherehani, ambalo watu wengi hulifikiria kwanza, huzidisha ugonjwa.

Ubovu mwingine wa kawaida ni kile kioo cha ndani cha Pentax au Zenit kukwama juu, mtu akachungulia asione kitu. Pengine sababu ni sponji ya zamani iliyooza ikawa kama lami. Lami hiyo yaweza kufutwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, bali uso wa kioo usiguswe hata kwa kidole, kwa maana fedha yake iko mbele, si nyuma kama kioo cha kujitazamia.

Filamu bado zatengenezwa, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, namba 17. Ile iliyotolewa gizani nayo isafishwe mapema. Nyeusi na nyeupe huvumilia miaka kuliko ya rangi, na msafishaji aambiwe umri wake kabla hajachanganya dawa. Juu ya kopo liandikwe jina la mpiga picha, na aina ya kamera ilimotoka.