Jedwali Liachiwe Kazi Yake

Jedwali la maji kupwa na kujaa ni jedwali kwa haki. Mvuvi wa Mkwaja, katika pwani ya Pangani, hufuata mstari wa siku na safu ya saa, na pale vikutanapo hupata jibu lake. Lakini maelezo ya kwa nini bamvua huja mwezi uandamapo na upevukapo si jedwali. Hayo ni habari, nayo husomwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tofauti hiyo ilipuuzwa na watengenezaji wa kurasa za wavuti katika miaka ya 1990. Lugha ya HTML haikuwapa njia ya kuweka habari mbili sambamba. Basi wakachukua jedwali, wakaficha mistari yake, wakatia maandishi vyumbani mwake. Tusiwalaumu mno. CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, ilipata kanuni zake za kwanza Desemba 1996, na vivinjari vya wakati ule viliifuata kwa kuchechemea. Leo udhuru huo haupo: tangu 2017 vivinjari vikuu huelewa hata mpango wake wa gridi. Hata hivyo wapo walimu wanaowaanzisha wanafunzi kwa jedwali, ati ni rahisi.

Ni rahisi kwa nani? Chukua ukurasa wenye vichwa viwili, “Bamvua” na “Maji Mafu”, katika mstari wa juu wa jedwali, na maelezo yake katika mstari wa chini. Mwenye macho huteremka kila safu bila taabu. Mwanafunzi asiyeona, anayesomewa na programu ya sauti, husikia kwanza vichwa vyote viwili, kisha maelezo yote mawili yakifuatana. Lipi ni la kichwa kipi, akisie mwenyewe. Na katika simu, safu hizo ama hubanana, ama hutokeza nje ya kioo. Kwa CSS, maandishi yaleyale hukaa sambamba katika kioo kipana, na hupangwa juu na chini katika kioo chembamba.

Ipo hatari moja. CSS nayo yaweza kuonyesha cha mwisho mahali pa cha kwanza, hali programu ya sauti kwa kawaida hufuata mfululizo wa maandishi yenyewe. Kwa sababu hiyo ningependa mwanafunzi aandike ukurasa mzima bila pambo lolote, ausome kwa sauti mbele ya darasa, ndipo afundishwe CSS.