Chango gani hili linalopoa nikijilaza?

Leo tunashuka chini ya kitovu, kwa hiyo mwenye haya afungue ukurasa wa michezo.

Nimezaa mara mbili, na huu mwaka wa nne kinena kinaniuma. Siyo maumivu ya kukata kama ya zile siku zetu. Ni uzito, kama nimebeba ndoo ya maji ndani ya tumbo. Asubuhi naamka freshi kabisa. Nishinde nimesimama dukani, ikifika saa kumi jioni upande wa kushoto unaanza kuvuta. Siku mbili tatu kabla ya hedhi ndiyo usiseme. Na baada ya yale mambo ya chumbani (mnanielewa) naumwa mpaka kesho yake. Baba watoto akaanza kununa, anadhani nimemchoka. Kasheshe!

Kwetu ni Mtae, kule Usambara barabara inapoishia, kijiji kimekaa ukingoni mwa genge na chini unaiona Mkomazi yote. Ukipanda milima kutoka Mombo hadi Lushoto mjini, bado una zaidi ya kilomita 60 za kona. Nikishuka kwenye basi, mama akiniona tu ninavyotembea: "Mwanangu, hilo chango." Nachemshiwa mizizi. Kina mama wengi pale wanalo "chango". Wamezaa sita, saba, wanapanda miteremko na mizigo ya kuni, na wakijilaza kidogo linapoa. Sasa chango gani hilo linalopoa mtu akilala?

Mjini nako hospitali moja (jina kapuni) ilinipa dawa za UTI mara tano. Altrasaundi ikasema kizazi safi. Nikaambiwa nipunguze mawazo. Mawazo!

Aliyenifumbua macho ni daktari wa kina mama, mtu mzima, aliyeuliza kwanza kabla ya kushika. Linaanza saa ngapi? Ukilala je? Ulipokuwa na mimba mishipa ilituna mapajani au huko ukeni? Ilituna, tena sana. Akasema ni vena zilizovimba, ndugu wa zile zinazotuna miguuni, ila hizi zimejificha kwenye nyonga. Vena zina vali, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi chini. Mimba inazitanua mno, vilango vinashindwa kufunga, damu inatuama. Kushoto ndiko kunakosumbua zaidi, kwa sababu vena ya ovari ya upande huo inamwaga kwanza kwenye vena ya figo. Kaka zangu msicheke: vena ya korodani yenu ya kushoto inapita njia hiyo hiyo, na yenu nayo huvimba.

Mbona altrasaundi haikuona? Nilipimwa nimelala, mishipa imenywea. Safari hii nikapimwa kwa dopla, inayoonyesha damu inakwenda wapi, nimesimama na kujikaza. Ikaonekana. Na jambo lenyewe wala si geni, Mmarekani Howard Taylor aliliandikia mwaka 1949!

Tiba zipo. Kuna vidonge vya maumivu, kuna za homoni kwa ushauri wa daktari, na kuna kuzibwa hizo vena kwa mrija mwembamba unaopitishwa shingoni au kwenye paja, bila kupasuliwa tumbo. Hiyo iliripotiwa kwanza mwaka 1993. Muhimbili walianza kufundishwa tiba za mirija na wataalamu wa kutoka Marekani mwaka 2018, kwa hiyo pa kuulizia papo. Mimi bado nachanga.

Kwa sasa nina kigoda dukani, na mchana najilaza robo saa miguu ikiwa juu ya mto. Safari ya Mtae naikata, nalala Lushoto. Baba watoto nilikwenda naye kwa daktari akachorewa kila kitu kwenye karatasi. Siku hizi mto anauleta yeye. Ila ukiona homa, uchafu wenye harufu, damu ya ovyo, au umeruka mwezi na tumbo linauma ghafla, hiyo siyo hii. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Mizizi ya mama? Nakunywa kwa heshima, kikombe kimoja, halafu naomba mkeka.

Wiki ijayo ni zamu ya wenye chunusi. Ciao!