Chuo Kilichokuwa Chini ya Mkungu

Mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu, alikuja Msambweni wakati wa likizo akanitupia swali. "Mjomba," alisema, "huku kwetu hapakuwa na chuo chochote cha zamani?" Alikuwa amesoma kwamba huko Uingereza, mji wa Northampton ulipata chuo kikuu mwaka 1261, na Mfalme Henry wa Tatu akakifunga mwaka 1265. Miaka minne tu, na mpaka leo wataalamu wanaandika habari zake!

Nilimwambia hana haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizaliwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake, kikavunjwa mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake. Lakini mahali pake panajulikana. Makerere ipo, Nairobi ipo, na watu wa Dar es Salaam wanajua kwamba chuo chao kilianza mwaka 1961 katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani.

Swali la Kwale, hata hivyo, lilinikaa kooni. Ndugu msomaji, tulizame neno lenyewe. Wazee wetu walipotamka "chuo" hawakuwa na maana ya majumba ya ghorofa. Chuo kilikuwa kitabu, kisha pakawa mahali pa kusomea kitabu. Ndiyo maana bingwa wa elimu ya dini tunamwita mwanachuoni. Waliobuni jina "chuo kikuu" waliazima kwetu, wakaongeza ukuu. Mkopo huo sijasikia ukitajwa.

Mimi nilitiwa chuoni mwaka 1966, chini ya mkungu, si mbali na bahari. Tulikuwa watoto kama thelathini, wenye mbao zetu na wino wa masizi. Siku ya Alhamisi tulipeleka ada, senti chache, na asiye na senti alileta kuni au maji. Jioni, sisi wadogo tukishaondoka, walikuja watu wazima, wavuvi na wakwezi wa minazi, wakasomeshwa sheria za mirathi na hesabu zake. Hesabu hizo si mchezo, hasa kwetu Wadigo, ambako mila ilimpa mpwa urithi wa mjomba na sheria ya dini ikampa mtoto; mwalimu alikuwa na kazi ya kuzuia watu wasitoane macho. (Mpwa wangu alicheka hapo. Sikujua anacheka nini.)

Mwalimu alipofariki, chuo nacho kikafa. Leo pale pana ukuta mrefu wa matofali na geti la chuma. Simlaumu aliyejenga, alinunua, na karatasi anazo. Ugonjwa ulianza zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya pwani apeleke madai yake kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na habari na uwezo walipeleka. Wengi wa wanavijiji wetu hawakupeleka. Basi ajabu ni hii: mahali palipofundisha watu kuandika pamepotea kwa kukosa maandishi.

Wengine husema, mambo ya nini haya, madrasa siku hizi zimejaa tele. Sikatai. Lakini tazama Msikiti wa Kongo pale Diani, Mto Mwachema unapoingia baharini. Mji uliouzunguka umetoweka. Msikiti umebaki katikati ya mibuyu, nao umebaki kwa sababu watu hawajaacha kuusalia. Chuo cha chini ya mti hakina kuta za kukisemea. Kikikosa kuandikwa kimekwisha.

Mimi nataka jambo dogo. Serikali ya kaunti iwatume vijana wenye daftari wafuatane na wazee, kutoka Tiwi hadi Vanga, waandike kila chuo kilipokuwa, nani alifundisha, na ardhi iko mikononi mwa nani. Palipobaki wazi paandikishwe wakfu. Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 ipo, haitakiwi kutungwa upya. Na wafanye haraka, maana wenzangu wa ubao naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Siku moja kabla mpwa wangu hajarudi masomoni tulikwenda mimi na yeye. Bawabu, kijana mwungwana, alitukubalia kuingia dakika kumi. Mkungu haupo. Nilitafuta kisima tulichokuwa tukioshea mbao, nikakikuta kimefunikwa kwa saruji, juu yake pamewekwa chungu cha maua. Mpwa wangu alihesabu hatua kutoka kisimani hadi nilipodhani shina lilikuwa, zikawa kumi na nne. Aliziandika.